Kelele za Jumamosi

Benchi letu liko mbele ya duka la Lupe, mahali linaposimama basi la kwenda Apia, na kila asubuhi Lupe hututolea birika la koko, kinywaji cha kakao, kabla hajafungua dirisha lake. Wakaaji wa benchi ni wale wale. Yuko Sikio, jina lake hasa Mikaele Pouono. Sikio lake la kushoto lilikunjwa na skramu, ule msukumano wa vichwa na mabega, alipokuwa akichezea raga wilaya yetu, na halikukunjuka tena. Yuko Redio, yaani Esera Lafai, ambaye hana kitufe cha kumzima. Yuko Nusu-Mchungaji, Viliamu Toelupe, aliyeacha chuo cha dini katikati. Na yuko Taliaoa, mkuu wa ukoo wake, ambaye Jumatatu hiyo alikuwa akizungusha kikombe chake tu. Huu ni msimu wa timu za mataifa kuzuru, na Jumamosi timu ya tatu ya wageni ilicheza na Samoa mjini. Miongoni mwa wageni hao alikuwamo Iosua, mtoto wa dada yake Taliaoa, aliyezaliwa huko kwa wageni na kuvaa jezi yao. Magazeti humwita Josh, lakini alibatizwa Iosua. Mara tu alipoingia uwanjani alimgonga mchezaji wetu kwa bega usoni, akamvunja taya. Mchezaji huyo ni Setefano, na nyumba ya bibi yake unaiona ukiwa umeketi kwenye benchi hili.

— Hakuna cha mkeka wa kuomba radhi, alisema Sikio. Kijana kala kadi nyekundu, katoka, kesi imekwisha. Mimi ningefunikwa mkeka kwa kila taya nililoligusa, ningezeekea humo ndani.

— Wewe ulivunja mataya ya watu wa mbali, alijibu Nusu-Mchungaji. Huyu kavunja la jirani. Ukoo uliokosa unakwenda kuketi mbele ya nyumba ya aliyekosewa, mkuu wao kafunikwa mkeka mwororo, mpaka wenyewe watoke wamfunue. Unataka nikusomee tena?

— Hiyo ni kwa kuua, bwana! Kwa kuvunja nyumba ya mtu. Si kwa mpira.

— Taya si la mpira. Taya ni la Setefano.

Redio alikuwa akimeza andazi kwa haraka ili aingie mazungumzoni.

— Nyote mmekosea mtu. Mwenye kosa ni kocha. Nani alimwambia mtoto aingie kama ng'ombe aliyekata kamba? Afunikwe kocha.

— Kocha hana ukoo hapa, we Redio, alisema Nusu-Mchungaji.

— Basi timu nzima, kumi na watano wote.

— Chini ya mkeka mmoja? Huo mkeka au paa la kanisa?

— Na refa! Refa alichelewa kupuliza. Huyo awekwe katikati kabisa, abanwe na wale wanene wa mbele.

— Kunywa koko yako, Redio.

— Sijamaliza. Jezi ile ni ya taifa, sivyo? Basi aje waziri wao mkuu, apande ndege, ashuke, aketi pale kwenye kokoto. Na mkewe.

— Na upepo huu wa Julai! alisema Sikio. Mkeka utapaa na waziri ndani.

Tulicheka. Taliaoa akaweka kikombe chake chini, nasi tukaacha.

— Dada yangu kapiga simu, alisema. Mtoto analia hotelini. Alitaka kuja mwenyewe, lakini timu inaondoka leo na hawamruhusu. Mkeka nimeutoa sandukuni mara mbili, nikaurudisha. Nikiketi pale, watu watacheka kwamba Taliaoa anaomba radhi kwa ajili ya mpira. Nisipoketi, nitapitaje mbele ya mlango ule?

Hapo mlango wenyewe ulifunguka. Sieni, bibi yake Setefano, alikuwa akivuka barabara na mwavuli wake wa kanisani na kikapu, anakuja kungoja basi la kwenda hospitali. Tulisogea. Lupe akampa koko.

— Anaendeleaje, Mama Sieni? niliuliza.

— Wamemfunga kinywa kwa waya. Supu anainywa kwa mrija. Lakini anasikia, mwanangu, na anaandika kwenye karatasi. Hakumbuki kitu, hata safari ya kwenda uwanjani. Ndiyo nikasema nimpelekee habari moja nzuri. Mliangalia, si ndiyo?

— Tuliangalia, alisema Nusu-Mchungaji.

— Mimi akicheza sitazami, moyo wangu hauwezi. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo. Mara nikasikia kelele zimelipuka nyumba ya mikutano, kwenye televisheni yenu, watu wanashangilia mpaka mabati yanalia. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Baadaye ndiyo wakaniambia kaumia wakati ule ule. Sasa nataka nimwambie: wewe ulipokuwa umelala chini, wenzako walifunga. Nani alifunga?

Dakika ile hakuna aliyefunga. Iosua alipoingia tulikuwa tumesimama kumpigia makofi, mtoto wa kwetu, bila kujali jezi. Bega lake lilipompata mchezaji mmoja, nyumba nzima ilinguruma: Huyo wetu! Sikio alipanda juu ya kiti. Taliaoa alipiga meza kwa viganja vyote viwili. Mimi, ambaye watu husema sina kelele, niliipata sauti. Kisha televisheni ikaonyesha ni nani aliyelala kwenye majani. Jumapili kanisani tuliimba tukitazama vitabu, tusitazamane.

— Redio, alisema Sieni, wewe hakuna unachosahau. Alifunga nani?

Redio alichungulia ndani ya kikombe chake.

Basi lilifika likipiga muziki. Sieni alimrudishia Lupe kikombe, akamshukuru, akapanda. Dereva alipokuwa akiondoa gari, Sieni alitoa kichwa dirishani.

— Kumbukeni basi, wazee! Nikirudi jioni mtaniambia!

Tulimpungia mikono. Muziki ulipoishia kwenye kona, Redio ndiye aliyeuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

— Tutamwambia nini?

— Hatutamwambia kitu, alisema Taliaoa. Akishuka atukute mbele ya nyumba yake.

— Atukute sisi? Sikio alishtuka. Mkeka wako unatosha mtu mmoja.

— Ndiyo. Wangu ni wa Iosua. Kelele zilikuwa zetu sote.

Sikio alilishika sikio lake lililokunjika, akalisugua kidogo. Kisha akainuka, akaenda kwake kumwuliza mkewe mkeka wao umewekwa wapi.

Wangu najua ulipo.