Shati la Mwalimu wa Kwaya

Nilikaa kiti cha nyuma ya wanawake wawili kwenye basi, wala sikutega sikio. Mmoja wao, fundi cherehani wa mtaani kwetu, ana sauti ya kwaya hata akinong'ona.

"Nimesimamishwa kuimba, dada," alimwambia jirani yake, muuguzi aliyevaa sare. "Nilichelewa mazoezi. Nimeipokea adhabu kama imetoka kwa Mungu mwenyewe."

"Imetoka kwa Mungu au kwa mwalimu wa kwaya?"

"Mwalimu wa kwaya ni mume wangu."

Muuguzi akageuka mzima mzima. Mimi pia nikasogea mbele kidogo. "Na ulichelewa kwa nini?"

"Nilikuwa nampigia pasi shati lake."

Basi tangu siku hiyo, akasema, pasi hajaigusa. Mume hakulalamika. Anavaa shati limekunjamana, anasema Mungu anamfundisha unyenyekevu.

"Kwa hiyo na yeye ameadhibiwa?"

"Na ameipokea vizuri kuliko mimi!"

"Sasa nani atamwambia mwenzake inatosha?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe? Kila mmoja anangoja Mungu aseme na mwenzake." Akashusha sauti, kwa kipimo chake. "Jumapili nakaa benchi la nyuma, naona mgongo wake tu na ile mikunjo. Wimbo ukifika kwenye kipande changu, anainua mkono kuniita. Halafu anakumbuka, anaushusha."

Basi likasimama. "Kituo chako hiki, muuguzi," kondakta akaita. Hakuinuka. Changu kilikuwa kimeshapita.