Kazi ya Emilia Elieza Mhawi, Fundi wa Sura

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni. Anayesoma ni Anitha, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya ukoo wa Mhawi, na karatasi anayosoma siyo ile iliyogawiwa asubuhi. Ile iliandikwa na shemeji yetu Rodgers, ndugu wa mume wa marehemu, na kwenye sehemu ya kazi imeandikwa kwamba marehemu hakuwa na kazi. Familia imekasirika, na haitaficha.

Emilia alizaliwa Kongwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Elieza na marehemu mama Hilda, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Dodoma hadi 1997, ambako alisifiwa kwa kuchora ramani na kuchapwa kwa kuchora walimu.

Mwaka 1999 alianza ushonaji mtaa wa Kikuyu, Dodoma, na mwaka 2013, akitafuta vifungo ambavyo hakuna duka lililoviuza, akaujua udongo wa plastiki, ule laini unaokuwa mgumu ukiokwa, akajifundisha mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu. Kwa asiyejua, na wengi hapa hamkutaka kujua, alipanga vipande vya udongo huo wa rangi, jicho peke yake, pua peke yake, mdomo peke yake, akaviunganisha vikawa mche mnene kuliko wa sabuni, akauminya taratibu pande zote hadi ukawa mwembamba kama kidole, na kila alipokata kwa wembe, kipande kilitoka na sura ile ile ya mtu, yenye kope na makunyanzi, ndogo kuliko ukucha, ndipo akavioka vikawa vifungo na heleni. Akizidisha nyusi kwa unene wa unywele, mtu mpole anatoka amenuna. Hiyo ndiyo mliyoiita kuchezea matope.

Alifunga ndoa na Joshua Chigwile wa Kibaigwa Jumamosi tarehe 18 Septemba 2004, wakajaliwa Lydia mwaka 2006 na Henry mwaka 2009, na Joshua hakuwahi kuidharau kazi ya mkewe, hilo tunalisema wazi.

Saratani ya titi iligundulika Februari 2024. Akijua siku zake si nyingi, alianza mche wa sura ya mama Hilda, aliyefariki mwaka 2001 na kuacha picha moja tu ya kitambulisho, ili kila mtoto na mjukuu wake apate kipande, akakaa nao miezi minne. Tarehe 4 Oktoba mwaka huu, 2025, Emilia akiwa amelazwa, Rodgers alifika nyumbani, akauona mche huo, na kwa kuwa amefyatua matofali tangu utotoni, akauanika juu ya bati siku tatu ili ukauke. Udongo huu hauanikwi, jua kali linaugandisha kabla haujakatwa, na Emilia aliporudi akaugusa kwa wembe, vipande vya kwanza vilipasuka katikati ya uso wa mama. Kuuliza si ujinga, lakini nani anamuuliza mtu asiye na kazi?

Emilia alilia, kisha akaomba msumeno wa chuma kwa jirani yake Kefa, fundi baiskeli, Kefa akakata, yeye akielekeza kutoka kitandani, vikapatikana vipande kumi na kimoja, kingo zake mbaya, mama akiwa mzima ndani yake. Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi cherehani wenzake wa Kikuyu, na majirani waliokuja yeye akiwa bado anaweza kuwapokea, wanajijua.

Shemeji Rodgers naye ameomba kipande cha kumbukumbu. Kipo. Kesho yeye ndiye anayekwenda kuandikisha kifo, na fomu ina mahali pa kazi ya marehemu, hivyo aandike fundi, kwa mkono wake, atuletee nakala, naye atapewa.

Emilia, dada yetu, kazi yako imetajwa mbele za watu. Pumzika.