Barua Kwenye Sanduku la Usharika

DORKASI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

SESILIA: Shikamoo dada Dorkasi. Ni Sesilia, wa ofisi ya utumishi pale kiwanda cha chai. Nakupigia tangu asubuhi.

DORKASI: Marahaba, Sesi. Nilizima simu, nilikuwa kwenye ibada. Vipi, chai imetuharibikia hadi mnatuita Jumapili?

SESILIA: Hapana, dada. Uko wapi sa'hivi?

DORKASI: Hapa nje ya kanisa, kwenye mnada wa sadaka. Sikia kelele hizo! Wanagombania jogoo wa mama Efrazia. Aliwika katikati ya mahubiri, sasa mnadishaji anasema bei imepanda kwa sababu jogoo ameokoka—

SESILIA: Dada, barua zimeshagawiwa?

DORKASI: Nini? Unakatika—

SESILIA: Barua! Za posta!

DORKASI: Ngoja nipande huku kwenye migomba, pale chini mtandao unasumbua. (Anahema.) Haya, sema.

SESILIA: Kwenye fomu yako ya bima ya afya, kwenye anwani, uliandika sanduku la posta la usharika.

DORKASI: Si ndilo tunalotumia wote? Huku nani ana sanduku lake? Ufunguo anao baba mkwe. Anachukua barua Ijumaa, anazitoa Jumapili mnada ukiisha.

SESILIA: Baba mkwe wako, mzee Abrahamu?

DORKASI: Huyo huyo, mzee wa kanisa. Kwani kuna nini?

SESILIA: Wiki iliyopita tuliwaandikia wanachama wote wa bima, kuwajulisha matibabu waliyokubaliwa. Yako niliandika mimi. Niliandika wazi kabisa, dada. Nilitaka kila mfanyakazi ajue haki yake, asizungushwe na mtu dirishani. Jana jioni napanga nakala, ndiyo naiona anwani—

DORKASI: Umeandika nini?

SESILIA: "Bima imekubali kugharamia matibabu ya ugumba ya mtegemezi wako, Emanueli Abrahamu."

DORKASI: Umeandika na jina la mume wangu?

SESILIA: Jina lote. Nisamehe, dada.

DORKASI: Sesilia. Baba hagawi tu hizo barua. Anazisoma.

SESILIA: Anazisoma? Barua za watu?

DORKASI: Zenye muhuri wa kiwanda au wa serikali. Mwaka juzi Fanueli, jirani yetu, aliitwa kazini kwa barua. Kusoma hajui, aibu ikamzuia kuuliza, akaichomeka darini mpaka siku ya kuripoti ikapita. Tangu hapo baba anafungua mwenyewe, anasoma mbele ya wote, ili mtu asikose haki yake. Watu wanampenda kwa hilo.

SESILIA: Lakini bahasha imefungwa, ina jina lako juu! Kuna sheria ya taarifa binafsi, hakuna anayeruhusiwa—

DORKASI: Hiyo sheria itapanda huku saa ngapi? Jogoo ameshauzwa. Imebaki mikungu ya ndizi na ndoo moja ya matunda ya plamsi.

SESILIA: Basi nenda kaiombe sasa hivi.

DORKASI: Na nisipokwenda?

SESILIA: Unasemaje?

DORKASI: Miaka sita, Sesi. Miaka sita mama mkwe ananiombea kwenye kikundi cha akina mama, kwa sauti, na jina ananitaja. Krismasi aliwagawia wake za wanawe mbeleko. Mimi akanipa aproni. Nikapiga magoti, nikashukuru. Barua moja tu ikisomwa pale, wote watanyamaza.

SESILIA: Dada Dorkasi...

DORKASI: Na mimi sijatoa siri. Baba mwenyewe ndiye atakayesoma. Nina kosa gani hapo?

SESILIA: Huna. Kosa ni langu. Ila siri hii si yako wala yangu. Kadi ya bima ni yako, lakini ugonjwa ni wake. Barua ile ilitakiwa imfikie yeye, mkononi, basi. Anajua kwamba ipo?

DORKASI: Hajui kitu. Namwona kutoka hapa. Ananionyesha kwa kidole mkungu mkubwa, anauliza tununue? Anacheka. Alikataa kupima mwaka mzima. Siku aliyokubali tulishuka hadi Tanga mjini ili tusikutane na mtu wa huku. Kwenye kurudi hakuongea neno. Tulipofika mlangoni ndiyo akaniambia, "Dorka, likitoka hili, mimi milima hii naihama."

SESILIA: Nenda, dada. Nakuomba.

DORKASI: Wewe ni mdogo, Sesi. Hujaitwa tasa.

SESILIA: Kweli. Sijaitwa.

(Mtandao unakwaruza.)

DORKASI: Baba anavaa miwani.

SESILIA: Eh?

DORKASI: Anavaa miwani! Ndizi zimeisha, ameshika bahasha— nakwenda— usikate!

SESILIA: Sikati! Kimbia!

DORKASI: Nipishe, nipishe mama... Baba! Samahani, baba. Naomba hiyo yangu. ... Ndiyo, najua ni ya kiwanda. ... Hapana, sijafukuzwa. ... Nashukuru, baba, ila naomba niisome mwenyewe.

SESILIA: Weka spika, niongee naye! Nitamweleza taratibu, kwa heshima!

DORKASI: Nyamaza, Sesi, ameshaanza kuichana... Baba! Ni ya hospitali! Ni ugonjwa wangu mimi. Wa kike. Utausoma mbele ya wanaume wote hawa?

(Jogoo anawika.)

SESILIA: Dada? Dada, kumetokea nini?

DORKASI: Amenipa. Amechana pembe tu, karatasi haijatoka.

SESILIA: Asante Mungu wangu.

DORKASI: Mama mkwe anatikisa kichwa. Anamwambia wifi yangu Beatha, "Si niliwaambia?" Wamesikia wote. Nimejitangaza kwa mdomo wangu.

SESILIA: Ungeweza kunyamaza tu.

DORKASI: Ningeweza.

SESILIA: Kesho asubuhi naingia kwa meneja. Nitasema nilivyokosea. Fomu tunabadilisha, kila mtu aulizwe anataka habari zake zimfikieje, na ya mtegemezi apewe mtegemezi mwenyewe.

DORKASI: Na usiandike mambo mengi. Andika "njoo ofisini". Inatosha.

SESILIA: Nitaandika hivyo. Unalia, dada?

DORKASI: Ngoja. Emanueli ameweka mkungu chini.

SESILIA: Anakuja?

DORKASI: Anakuja. ... Si kitu, mume wangu, ni ya bima tu. Twende nyumbani. ... Ndiyo. Ina jina lako. ... Emanu, acha, imeshapita.

SESILIA: Anasemaje?

DORKASI: Ameichukua. Anasoma. ... Ananiuliza, "Umewaambia ni ugonjwa wako?"

SESILIA: Ukamjibu nini?

DORKASI: Nimjibu nini, na amesikia kama wengine? Amegeuka... Sesi, anarudi kwa baba yake. Barua anayo mkononi. Anamwita na mama yake asogee.

SESILIA: Mzuie, dada! Mwambie halazimiki, hakuna anayeweza kumlazimisha—

DORKASI: Anajua. Hivi anavyotembea, polepole, kama anakwenda kwenye meza ya Bwana, huyu hajalazimishwa na mtu.

SESILIA: Dakika zangu zinaisha, nimesikia mlio. Nitajiunga tena, nikupigie—

DORKASI: Usipige, mdogo wangu. Nakata mimi. Anaikunjua karatasi aisome mwenyewe mbele yao, nataka nikasimame karibu yake.