Zorobabel Kasonia na Injini ya Mashine ya Unga

Wasikilizaji wapendwa, leo hatutaanza na muziki. Familia imetuomba hivyo, na sisi tumekubali. Kule Mususa, hapa hapa Butembo, watu wamekaa kilioni tangu Jumapili. Viti viko, moto uko, kina mama wanaimba nyimbo za kanisa. Jeneza haliko. Mwili haukurudi, na hautarudi.

Anayeliliwa ni Zorobabel Kasonia, fundi wa magari. Narudia kwa wale waliofungua redio sasa hivi: Zorobabel Kasonia, fundi wa Mususa, mume wa Léa, mtoto wa mama Godelive wa Bungulu kule Beni. Ninyi wa upande wa Kirumba labda jina hilo haliwaambii kitu. Ninyi mlimwita Papa Mazutu, baba wa dizeli. Sasa mmemjua. Ni yeye aliyeondoka.

Mama Godelive anasema mwanawe alikuwa mtu wa maneno machache tangu utoto. Kanisani alikuwa kwenye kwaya, sauti ya chini kabisa. "Akiimba na bengine, ni muzuri," anasema mama. "Akiimba peke yake, anapotea, na sie wote tunacheka, na yeye anacheka." Kijana huyo alishuka Butembo kujifunza ufundi, akamkuta Léa, wakafunga ndoa, wakajenga Mususa.

Pale nyumbani walikuwa na mashine ya kusaga unga. Wengi wenu mmesagisha mihogo yenu pale. Mashine ile ilizungushwa na injini ndogo ya dizeli. Zorobabel aliitoa kwenye basi dogo lililopinduka, akaifunga kwenye saruji, akaivisha mkanda, akamkabidhi mke wake. Ilikuwa injini ya Léa. Léa ndiye aliyeiwasha asubuhi, Léa ndiye aliyeipangusa jioni. Nyumba ile ilikula kwa mashine ile, maana vita ilipoingia, magari ya kutengeneza yaliadimika. Mengine yalichukuliwa, mengine yalifichwa.

Wasikilizaji wapendwa, tuje sasa kwa Tamar.

Tamar alikuwa mdogo wake Zorobabel, ameolewa katika kijiji kimoja kilichoko milimani juu ya Kirumba. Mwaka 1999 alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Zahanati ya kule ilikuwa na Landrova ya zamani sana, ya injini ya esansi, yaani petroli. Lakini askari walikuwa wamepita siku iliyotangulia, wakanyonya esansi yote kutoka kwenye tangi. Na siku zile esansi ilikuwa haionekani, hata kwa dawa. Landrova ilikuwepo, dereva alikuwepo, esansi ndiyo haikuwepo. Wanaume wakamweka Tamar kwenye tipoyi, machela ya miti, wakamwinua mabegani, wakashuka naye mlima katika mvua. Tamar alifariki njiani. Mtoto pia.

Léa ndiye aliyemwosha wifi yake. Baada ya mazishi alimtafuta mume wake asimwone. "Nilifikiri amejificha analia," Léa ametuambia. "Nikaenda kumubembeleza. Nikamukuta nyuma ya zahanati, amefungua kapo ya mbele ya ile Landrova, anapima nafasi ya motere na kamba. Macho yake ilikuwa mekundu, lakini anapima."

Waliporudi Butembo, Zorobabel akamwambia mke wake anachotaka. Anataka injini ya mashine ya unga.

"Esansi haiko tena, Léa. Lakini mazutu iko. Makamiyo ya mizigo inapita kila siku kwenda soko ya Kirumba. Kila shofere anaweza kutuachia kidogo."

"Basi beba kamiyo," Léa akamkatalia. "Hapana beba motere yangu. Na sie tutakula nini?"

Léa anasema mume wake akinyamaza, ujue amekwisha kuamua, lakini hatachukua kitu bila ruhusa. Kwa hiyo Zorobabel alingoja. Léa akafunga mlango wa mashine kwa kufuli, funguo akazifunga katika kikwembe chake. Wakaishi hivyo, wakisalimiana kama wageni.

Halafu asubuhi moja akaja mama mmoja mjamzito, na kitunga cha mihogo kichwani. Léa akawasha mashine, akaanza kumsagia. "Nikamuangalia yule mama vile anashika kiuno," anasema. "Nikaona Tamar. Nilimaliza kusaga mihogo yake, nikazima, nikafungua mukanda na mikono yangu. Nikaita bwana yangu: kuya utoe hii kitu sasa, mbele nibadilishe roho."

Zahanati ikakubali, kamiyo moja ikaivuta Landrova mpaka Mususa, na hivyo ndivyo ilivyopata injini ya kusagia unga.

Mafundi wanaotusikiliza wanajua kwamba kusema ni rahisi. Injini ile haikuzaliwa kwa gari lile. Matundu yake na matundu ya sanduku la gia yalikuwa hayaelewani kabisa. Zorobabel alikata kipande cha chuma kwenye kamiyo iliyoungua kando ya barabara, akakitoboa, akakisugua kwa tupa mpaka viganja vikachubuka. Kipande cha kwanza kilikosewa kidogo sana, huwezi kuona kwa macho. Landrova ilipanda mlima wa kwanza ikilia, halafu klachi ikasagika vipande vipande, na wakaisukuma kurudi Mususa huku watu wakisema Zorobabel amemfanya mke wake maskini bure. Akaanza upya. Injini ilikuwa fupi, radiateri ikabaki mbali, akaivuta nyuma. Bomba la moshi lilipita karibu na mguu wa dereva. Akalizungushia bati, na bado liliunguza viatu vyake. Swichi ya kuwashia aliitengeneza mwenyewe kwa nyaya, chini ya kiti, na ilikuwa na utaratibu wake. Unapasha kwanza, unangoja, unavuta, halafu unagusa.

Kipande cha pili kilikaa. Landrova ikawaka, ikatetemeka mpaka milango ikagonga, lakini ikatembea. Ilitembea polepole! Kwenye mlima, mama mwenye mzigo wa makaa aliweza kuipita. Watoto walikimbia kando yake wakiimba, "Mazutu, Mazutu!" Zorobabel alicheka nao, akaendelea kupanda. Haikukataa mlima hata mmoja.

Maofisa wa zahanati walitaka dereva wao wa zamani aishike tena. Wakakuta hakuna anayeiweza isipokuwa aliyeitengeneza. Basi Zorobabel akawa fundi wake na dereva wake. Zaidi ya miaka miwili aliteremsha kina mama kutoka vijijini mpaka hospitali. Madereva wa makamiyo walimwachia mazutu, huyu kopo, yule kibidoni. Na Léa? Léa alisaga mihogo kwa kinu na mchi, akauza unga kidogo kidogo sokoni. Mabega yake yanamuuma mpaka leo. Hakuomba injini irudishwe.

Mwisho wa mwaka 2002, wasikilizaji wapendwa, hamhitaji niwaelezee. Watu walikimbia vita kutoka upande wa Mambasa kwa miguu, wakapita katika msitu, wakaingia Beni na miguu iliyovimba. Kila nyumba ya Bungulu ilijaa. Mama Godelive alilaza watu hata jikoni. Makanisa yaliomba yeyote mwenye gari linalotembea aende kuwapokea walioshindwa kutembea. Zorobabel akaenda. Alilala kwa mama yake Bungulu, na kila asubuhi alishika barabara ya msitu, akarudi na wazee, wagonjwa, na kina mama wenye watoto wachanga.

Mariette alikuwa mmoja wao. Yuko hai, anaishi Beni, na amekubali tuseme jina lake. Ilikuwa mwanzo wa mwaka huu, adhuhuri, jua kali. Mariette alikuwa nyuma ya Landrova na mama yake mzazi ambaye hakuweza tena kusimama, na mtoto mgongoni. Askari wakatoka msituni. Walikuwa wa kundi gani, Mariette hajui, na sisi hatutabuni.

"Bokita! Bokita!" wakapiga kelele kwa Lingala. Shukeni.

Wakashuka. Mama yake Mariette wakamvuta, akaanguka. Askari mmoja akakaa kwenye usukani, akatafuta funguo. Hakuna funguo. Akavuta nyaya hizi, akavuta zile. Gari kimya. Akapiga usukani kwa ngumi. Mwingine akamgeukia Mariette na bunduki, akasema hawa watu wameharibu gari makusudi.

Wasikilizaji wapendwa, kama ile Landrova ingekuwa na injini yake ya kiwandani, wangeiwasha na kwenda zao, na Zorobabel angerudi Beni kwa miguu. Hilo ndilo linalomuuma Léa kuliko yote.

Zorobabel akasogea mbele, mikono juu. Mariette anayakumbuka maneno yake.

"Ni miye najua hii gari. Motere yake haiko yake. Mukiishika vibaya itawafia njiani. Acha hawa bantu babaki hapa, miye nitawatembeza."

Askari wakazungumza wao kwa wao. Halafu wakakubali. Zorobabel akainama chini ya kiti, akapasha, akangoja, akavuta, akagusa. Ikawaka. Kabla ya kuondoka alimwangalia Mariette.

"Ukifika, ambia Léa hapana niwekea chakula leo."

Ni hayo tu. Landrova ikageuka, ikaingia msituni polepole, kama kawaida yake. Mariette anasema walisikia sauti yake kwa muda mrefu.

Ujumbe ule ulifika Mususa. Léa aliusikiliza mpaka mwisho, akamshukuru aliyeuleta. "Nilimuwekea tu," anasema. "Ile siku, na kesho yake, na kesho yake tena. Nafunika sahani. Asubuhi napatia majirani."

Akangoja hivyo miezi. Alikwenda ofisi hii na ile. Alikwenda Beni, akakaa na mama Godelive, wakangoja wote wawili. Kila aliyetoka msituni walimuuliza: hukuona Landrova yenye sauti ya mashine ya unga?

Wiki iliyopita, mtu mmoja anayeitwa Salomon alifika Bungulu, amekonda, akiuliza nyumba ya mama Godelive. Salomon alikuwa amekamatwa na kundi lile lile ili abebe mizigo. Alikuwa na Zorobabel mpaka mwisho.

Salomon alisema Landrova ilibeba masanduku ya askari mbali sana ndani ya msitu. Mbebaji akichoka, Zorobabel alijifanya injini imechemka, akasimama, wote wakapumzika. Halafu mazutu ikaisha. Na Zorobabel wakati huo alikuwa na homa, hakuna dawa. Askari wakaligombeza lile gari, wakalipiga mateke, wakaliacha. Wakamwacha na fundi wake pia, amelala chini yake kukwepa mvua. Salomon alitembea nao kidogo, akajificha, akarudi kwa Zorobabel. Alimpa maji. Asubuhi yake Zorobabel Kasonia alifariki.

Salomon alichimba kwa fimbo na kwa chuma cha kufungulia magurudumu. Udongo ulikuwa na mizizi, shimo halikwenda chini sana. Akaogopa wanyama. Basi akafungua kapo ya Landrova, lile bati la kufunika injini, akaiweka juu ya kaburi, akaikandamiza kwa mawe. Akaomba sala aliyoijua, akakimbia.

Léa alikuwa amekaa mbele yake. Akauliza swali moja tu: "Alisema nini?"

Salomon akainamisha kichwa. "Alikuwa na homa, mama. Alikuwa anaongea tu juu ya motere. Asema: muitoe, mumurudishie Léa, anasaga na mikono."

Waliokuwepo wanasema ndipo Léa alipolia. Miezi yote hakuwa amelia. Alilia akipiga mapaja yake, akisema, "Nilimupa! Hapana mukopesha, nilimupa! Mbona hakujua?"

Alijua, mama Léa. Sisi tuliomwona akiendesha tunasema alijua.

Zorobabel Kasonia ameacha mke, Léa, na mama mzazi, Godelive. Hawakujaliwa watoto wao wenyewe. Léa anasema asilaumiwe mtu kwa hilo, na yeyote aliyeteremka mlima ndani ya ile Landrova aje akae kilioni kama wa nyumbani. Kwenu nyote wa Mususa na wa Bungulu, redio hii inawapa pole. Kwako Salomon pia, uliyemzika mtu usiyemjua kabla ya vita, pole, na asante.

Wasikilizaji wapendwa, nina ombi kabla sijanyamaza. Watu wengi wamerudi kutoka msituni, na wengi wameona mambo kama ya Salomon. Unajua mahali fulani mtu alilala asiamke. Unajua jina lake, au unajua shati lake tu. Umenyamaza kwa sababu hutaki kupeleka kilio katika nyumba ya watu. Mimi nakuambia kilio kiko tayari katika nyumba ile. Mke amekaa nacho peke yake, hajui kama anaruhusiwa kulia. Inuka uende. Bisha hodi, kaa chini, useme ulichokiona.