Shikamoo Niliyomnyima Baba

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana aliyenirudishia jina langu. Naitwa Lameki. Kwa miaka mingi, hapa Kilosa na kule Mikumi, mlinijua kwa jina la Elia.

Nilimaliza darasa la saba kwetu Lumuma. Nilifaulu, lakini nafasi za sekondari ya serikali zilikuwa chache, sikuchaguliwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, shule za kulipia zinafunguliwa. Mtoto wa ofisa mmoja, aliyezoea kunakili hesabu zangu, akapelekwa huko. Leo anafundisha chuo kikuu. Baba yangu alilima vitunguu. Alichoweza ni kunipeleka Ulaya, kile kijiji cha hapa hapa Kilosa, nikarudie darasa la saba kwa jina la Elia, kijana aliyeacha shule. Wengi tulisoma hivyo, ingawa hatupendi kulisema.

"Mtu akiita Lameki, usigeuke," baba aliniambia njiani. Nilimtii kupita kiasi.

Nikasoma hadi kidato cha nne. Cheti kikatoka kwa jina la Elia, nacho kikanipa kazi ya kufundisha kwa muda shule moja ya Mikumi.

Asubuhi moja baba akaja na mfuko wa vitunguu. Kwa furaha alijisahau, akaulizia jina alilonipa mwenyewe. Mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Mwalimu Elia, mzee huyu anamtafuta mwalimu Lameki. Unamfahamu?"

Hata shikamoo sikumpa, nikiogopa ulimi utaongeza "baba." Nikasema, "Simfahamu."

Baba akavua kofia. "Basi nimekosea shule, walimu wangu. Nisameheni. Hivi vitunguu pikieni."

Mchana walimu walivisifu. Nami nilikula.

Tangu siku ile sikutulia mahali. Niliacha kazi, nikazunguka kwenye mashamba ya miwa na vibarua vya reli, kila mji nikiikumbuka milima ya kwetu na kushindwa kuipanda. Hadi ibada moja hapa Kilosa, mchungaji alipotuambia kila mtu ajitaje mbele za Mungu kwa jina lake. Nikafungua kinywa, nisijue nitaje jina lipi. Ndugu zangu, nililia!

Wiki ile nilikirudisha cheti ofisi ya elimu. Ofisa akacheka. "Ungenyamaza tu, bwana. Nani angejua?"

Nikawa tena mtu wa darasa la saba. Nikajifunza uashi. Leo najenga madarasa nisiyoruhusiwa kufundisha ndani yake. Uchungu haujaisha, siwadanganyi. Waliosoma kwa fedha za baba zao hawakuhitaji kumkana mtu.

Kisha nikapanda Lumuma. Baba alikuwa akipalilia.

"Shikamoo, baba."

Hakugeuka. Alipalilia tuta lile hadi mwisho, nami nimesimama. Ndipo akasema, "Marahaba, Lameki."

Mungu ashukuriwe kwa neno hilo. Nawe uliyemkana mzazi ili upate nafasi, mtegemee Bwana, kesho panda gari uende kwenu. Huenda kazi ukaikosa. Mimi niliikosa, lakini niliitikiwa.