Mungai na Boriti Iliyovunjika

Daktari Josphat Mungai Waweru alizaliwa Kangemi tarehe 14 Machi 1929, mtoto wa tatu wa Mzee Waweru na Mama Nyambura. Jumanne, jamaa walipokaa kuandaa wasifu huu, walibishana juu ya aya moja tu, ile ya ugonjwa wake: isomwe au isisomwe. Tutaifikia.

Alisoma shule ya misheni karibu na nyumbani, kisha Makerere, na mwaka 1958 akaenda Uingereza kusomea uhandisi. Alirudi 1964 na shahada ya udaktari, koti moja zito, na tabia ya kunywa chai bila sukari, ambayo mama yake hakuisamehe kamwe.

Tangu mwaka huo alifundisha chuo kikuu, katikati ya jiji. Wanafunzi wa udaktari wa uhandisi walipoanza kuja, wachache wa kuhesabika, yeye ndiye aliyewafundisha uaminifu katika utafiti. Hakuwahubiria. Boriti ya konkriti ikivunjika kwenye mashine ya majaribio, mwanafunzi aliyeitengeneza alisimama mbele ya wenzake akaisomea wasifu kama marehemu: ilizaliwa lini, ililelewaje, ilikufa kwa nini. Mwaka 1973 Tobias Ogutu, ambaye yuko nasi leo, aliiruka moja iliyovunjika mapema, hakuiandika katika tasnifu yake.

"Mwalimu, hiyo ilikuwa mbaya tu. Si tuiwache?"

"Ogutu, kwani kwenu mtu akifa vibaya hazikwi?"

Mungai alikataa kuitia sahihi tasnifu hiyo. Ogutu alinuna, akarudia kazi mwaka mzima, na akagundua kwamba mchanga wa boriti ile ulikuwa umechanganyika na udongo. Mchanga uo huo ulikuwa umeshaagizwa kwa ujenzi wa ukumbi wa shule. Ulirudishwa ulikotoka.

Tarehe 17 Desemba 1966, wazazi wakiwa wameshakata tamaa, alimwoa Wahu Kinyanjui, mwalimu wa shule ya msingi. Waliishi Woodley, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza Waweru. Huko alimwagilia maua ya Wahu, na akivunja tawi alikwenda jikoni kuungama kabla ya kuulizwa.

Februari mwaka huu wa 1978, daktari alimwambia ana kansa ya koo. Yeye akamwambia mkewe ni vidonda vya tumbo, na akashikilia hivyo hadi Agosti, uji ulipokataa kupita. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahu alilia, kisha akamkabili.

"Baba Waweru, si ni wewe unaambianga watoto wa watu wasifiche boriti?"

"Ni mimi," alijibu. "Hii yangu niliogopa kuisoma."

Miezi ambayo mke angemuuguza akijua ilipotea, na inatuuma. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba, nyumbani Woodley, Wahu akiwa amemshika mkono.

Wazee wa ukoo walitaka hayo yaachwe, msomi asiaibishwe kaburini. Wahu alisema, "Isomwe. Hiyo ndiyo boriti yake." Basi mimi Muthoni, dadake mdogo, nimeisoma.

Ameacha mjane, Wahu. Watoto Waweru, Nyambura na Kinyanjui. Sisi ndugu zake. Na wanafunzi wake waliobeba jeneza leo, Ogutu akiwa mbele.

Pumzika kwa amani, Mungai. Tumekusoma pote, hata palipovunjika.