Safari ya Mama Mmemuuliza, Aliyewafundisha Watumishi wa Shule Kumsikiliza Mwanafunzi

Waombolezaji wenzetu, majirani, walimu na wanafunzi mliokuja kutushika mkono, familia inawaomba masikio yenu kwa muda mfupi, mpate kuisikia safari ya mama yetu huyu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Mmemuuliza, jina alilobandikwa kazini kwa swali lake la kila siku, “Mmemuuliza mwenyewe?”, naye akalipokea kwa kicheko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi saa, ambaye ndiye baba yake, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Alianza shule ya msingi Januari 1965, katika shule iliyopakana na kituo cha zimamoto, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1975, na mwaka 1977 akahitimu chuo cha ualimu, akiwa wa pili kwa alama na, kama mama yake alivyopenda kuongeza, wa kwanza kwa ubishi.

Aliajiriwa tarehe 3 Januari 1978, na tarehe 9 Agosti 1980 akafunga ndoa na seremala aliyekuja shuleni kutengeneza madawati akachelewa kuyamaliza kwa makusudi, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili, waliozaliwa 1981, 1984 na 1989.

Mwaka 1986 alisomea elimu ya watoto wenye ulemavu, akakabidhiwa kitengo cha wanafunzi kumi na mmoja, na hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo yeye mwenyewe alitaka lisomwe leo bila kupakwa rangi. Novemba 1993 marehemu, mwalimu mkuu na afisa ustawi waliketi katika chumba cha walimu, wakapanga maisha ya binti wa miaka kumi na miwili asiyeweza kusema kwa kinywa, kwamba apelekwe bweni la mbali akajifunze ushonaji, mama wa binti akaitwa mwishoni atie dole gumba, na binti mwenyewe muda wote huo alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mlango umefungwa. Bwenini binti alikaa siku ishirini na nne, akisusa chakula, akarudishwa amekonda mifupa tupu. Marehemu alikwenda nyumbani kwao mara mbili akakuta mlango umekomewa, mara ya tatu mama yule akamjibu akiwa ndani, “Mwalimu, mwanangu hana ulimi tu, macho anayo, mikono anayo, ungemuuliza angekujibu,” kisha akafungua. Marehemu aliketi sakafuni na binti yule jioni nne mfululizo, wakipanga picha zilizokatwa magazetini, mpaka binti akaweka kiganja juu ya picha ya tanuri la mikate na akakataa kukiondoa. Leo ni mwoka mikate, na wengi wenu mmekula kazi ya mikono yake.

Kuanzia Februari 1996 hadi alipostaafu 2017, na hata baada ya hapo, marehemu alizunguka shule thelathini na saba akiwafundisha watumishi kuwa wawezeshaji wa vikao vya kupanga maisha ya wanafunzi, si walimu peke yao, bali pia makarani, wapishi na walinzi, kwa kuwa, alisema, jambo ambalo mtoto hamwambii mwalimu mkuu, mpishi analijua tangu juzi. Aliwafundisha kwamba mwanafunzi ndiye achague nani aje kikaoni na nani aketi wapi, kwamba maneno yake yaandikwe ukutani kwenye karatasi kubwa kama alivyoyatamka au alivyoyaonyesha, na kwamba swali likishaulizwa mwezeshaji ahesabu kimoyomoyo hadi ishirini kabla ya mtu mzima yeyote kufungua mdomo. Mumewe alilalamika kwamba kazi hiyo imeingia hadi jikoni, mtu anaulizwa kama anataka chai, kisha anatazamwa kama mshitakiwa.

Katika semina moja alimtoa mwalimu mkuu mmoja akaketi nje kwenye benchi, huku mpishi na karani wakimpangia maisha ya kustaafu, na alipoitwa na kusomewa kwamba atafuga sungura, mzee wa watu alifoka, “Sungura? Nani kawaambia mimi nataka sungura?” Marehemu akamjibu kwa upole, “Somo limeisha, mwalimu mkuu, karibu chai.”

Tarehe 18 Julai 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, iliyokwisha kusambaa. Wanawe walikutana ukumbini nje ya wodi wakaanza kumpangia kuhamishiwa hospitali ya jiji la mbali, naye akawasikia kupitia pazia, akaita, “Ninyi, safari ya nani hiyo mnayoipanga?” Mwanawe wa kwanza akamwambia, “Mama, wewe pumzika, haya tuachie sisi,” naye akageukia ukutani.

Jumapili ya tarehe 6 Agosti mpishi wa shule, aliyefundishwa na marehemu, alikuja nyumbani na karatasi na kalamu nene, akatuketisha sebuleni alivyotaka mgonjwa. Marehemu alisema anataka kufia nyumbani, mahali anaposikia watoto wakitoka shule, na kwamba anataka kumaliza mafunzo ya watumishi kumi na wanane aliokuwa ameanza kuwafundisha. Mwanawe wa kwanza alipoulizwa anaonaje alinyamaza, mpishi akahesabu, na kabla hajafika ishirini mtu mzima yule alilia akasema, “Mimi naogopa,” na hilo nalo likaandikwa ukutani, kwamba anaogopa, na mbele yake jina la dada yake, atakayepokezana naye zamu za usiku kando ya mama.

Mafunzo yalikamilika tarehe 24 Novemba, barazani kwake, akiwa amelala kwenye kitanda alichotengenezewa na mumewe, na alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa tano na dakika arobaini asubuhi, siku mbili kabla ya kutimiza miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliokubali kumfuata nyumbani, majirani waliopunguza sauti za redio bila kuombwa, na watumishi wa shule waliomwogesha, kumlisha na kumbishia kama alivyopenda.

Marehemu alikuwa ameitisha kikao cha kuupitia mpango wake Jumamosi ya tarehe 16 Machi, saa nne asubuhi, ambayo ni leo, saa hii. Wote aliotaka tuje tumekuja, tumeketi, na tulipofika kwenye swali alilopaswa kulijibu yeye tumenyamaza hadi ishirini, kisha tukanyamaza tena.

Lala salama, mama, neno lako la mwisho, lililoandikwa ukutani, ndilo tulilolifuata.